Hofu ya Kutosomwa

Mwoga hajakosa watetezi katika lugha ya Kiswahili. Kwake huenda kicheko, ndivyo isemwavyo, na kwa shujaa huenda kilio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Yeyote atakayeamua kukusanya methali zimwonyazo mja asithubutu atajaza kurasa nyingi kabla hajazifikia zile zimhimizazo kuthubutu. Huenda jambo hilo si la kushangaza, kwani methali aghalabu ni sauti ya wazee, na mzee ni mtu aliyekwisha kuona mitumbwi mingi ikizama.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa amezisikia methali hizo zote kutoka vinywani mwa watu waliompenda. Yafaa hilo la kupendwa lisisitizwe. Hofu ipandwayo na adui hung'oka upesi. Ile ipandwayo na baba mdogo aliyeuza ng'ombe ili karo ipatikane huota mizizi. Binti huyo alizaliwa Mfangano, kisiwa kilichomo katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ambako msafiri hufika kwa boti kutoka Mbita. Nyanyake ni Msuba na lugha yake ni Kisuba. Wajukuu huzungumza Dholuo, kama wafanyavyo Wasuba wengi wa leo, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya soko, ya urafiki na ya ndoa katika eneo hilo. UNESCO imekiorodhesha Kisuba miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka. Habari za aina hiyo husomwa darasani bila machozi. Lakini kwa binti huyu, lugha iliyo hatarini ilikuwa na kigoda chake jikoni, na kila asubuhi ilianika omena juani.

Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa akiandika, kwa siri, hadithi ndefu ya Kiswahili kuhusu nyumba moja ya Wasuba: uvuvi wao, mazishi yao, ugomvi wao wa mashamba, na yale masimulizi ambayo nyanyake aliyatoa usiku mvua ilipozuia usingizi. Mswada huo ulikuwa umefikia kurasa mia moja na arubaini za mkono, na makao yake yalikuwa sanduku la bati chini ya kitanda. Mwenzake wa chumbani alipoingia ghafla, binti aliufunika kwa daftari la mihadhara ya nadharia, kana kwamba alikutwa akila wakati wa mfungo. Mada yake rasmi ya tasnifu ilikuwa salama kabisa. Ilihusu maudhui katika riwaya ambayo tasnifu zake zilikwisha kujaza rafu nzima ya maktaba. Alichotamani kuandikia hasa ni namna masimulizi ya lugha ndogo yanavyoweza kuvuka na kuingia katika nathari ya Kiswahili bila kuvuliwa nguo njiani. Hakuwahi kulisema jambo hilo kwa sauti mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kulikataa.

Mara moja tu alilidokeza kwa baba yake mdogo, kwa simu. Jibu lilikuja bila hasira. "Mwanangu, hizo hadithi sote tulizisikia bure. Soma kitakachokupa kazi." Msimamizi wake naye hakuwa mtu mbaya. Binti alipojaribu kuligusia wazo hilo kwa mbali, aliulizwa swali ambalo kila msimamizi huuliza: marejeleo yako wapi? Akaitikia kwa unyenyekevu, akarudi kwenye rafu yake iliyojaa.

Kuna hofu nyingine ambayo wanafunzi wa Kiswahili kutoka bara huijua vyema japo hawaitaji. Mtu wa ziwani aandikapo Kiswahili huhisi kana kwamba amevaa kanzu ya kuazima. Huyatazama mabega ya watu akingoja acheke mmoja. Ngeli moja ikimponyoka, au "r" na "l" zikibadilishana viti, basi miaka yote ya masomo huyeyuka na kubaki kijiji alikotoka. Binti huyu alikuwa ameshuhudia mhadhara mzima ukicheka mwenzao mmoja kwa kosa kama hilo, naye alicheka pamoja nao, kwa sauti kuliko wote, akishukuru kuwa hakuwa yeye.

Katika muhula wa pili, akitafuta kitabu kingine kabisa, alikutana na kimoja kinene ambacho jina lake halikuwamo katika orodha yoyote aliyopewa: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Mwandishi: Aniceti Kitereza. Alikifungua akiwa amesimama. Adhuhuri ilimkuta amekaa sakafuni kati ya rafu mbili, ameegemeza mgongo ukutani.

Kitereza alikuwa Mkerewe, aliyezaliwa mwaka wa 1896. Ukerewe ni kisiwa cha ziwa lilo hilo, upande wa Tanzania, na Kikerewe, sawa na Kisuba, ni lugha ya Kibantu yenye wasemaji wachache ukilinganisha na majirani zake. Kitereza alisomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, akapitia seminari ya Rubya, lakini hakuwa padre. Alioa, akawa katekista, akaishi maisha ya mtu wa kawaida aliyejua lugha nyingi kuliko watu wa kuzizungumza nao. Kilichomsumbua ni kwamba alizaliwa wakati ambapo ya kale yalikuwa bado yanaonekana kwa macho, naye akayatazama yakiondoka moja baada ya jingine. Akiwa anakaribia umri wa miaka hamsini, mwaka wa 1945, alikamilisha riwaya ndefu mno kwa Kikerewe.

Inafaa msomaji asimame kidogo kwenye mwaka huo. Katika nathari ya Kiswahili kulikuwa na *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka wa 1934, nacho ni kitabu chembamba. Chinua Achebe hangechapisha *Things Fall Apart* hadi mwaka wa 1958, yaani miaka kumi na mitatu baadaye. Kitereza hakuwa na kielelezo cha kuiga katika lugha yake, hakuwa na mhariri, hakuwa na chama cha waandishi, na hakuwa na soko. Alikuwa na kalamu, kumbukumbu, na padre mmoja rafiki yake, mzaliwa wa Kanada, aliyemtia moyo. Kwa kipimo chochote cha busara, kazi hiyo ilikuwa upuuzi.

Na wachapishaji waliona hivyo. Riwaya ndefu katika lugha ya kisiwa kimoja ingemlisha nani? Mswada ukakaa. Ulikaa Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, ukakaa Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, ukakaa Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka wa 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika Ukerewe mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, pamoja na mkewe Charlotte, wakautambua utajiri uliokuwa umelala pale. Ilidhihirika kwamba njia ya pekee iliyobaki wazi ilikuwa Kiswahili. Kitereza, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini ambaye viungo vyake vilikwisha kushikwa na maradhi, akaketi na kuitafsiri riwaya yake yote, yeye mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Tanzania Publishing House iliichapisha mwaka wa 1980. Mwandishi alifariki mwaka wa 1981, kabla nakala za kitabu hazijamfikia mikononi.

Si riwaya rahisi kuisoma, na si vyema kudanganyana. Msomaji apendaye visa vya kukimbizana atachoka mapema. Maamkizi peke yake huchukua nafasi ambayo mwandishi wa leo angeimalizia mauaji mawili na harusi. Pombe ya ndizi haitajwi tu. Hupikwa hatua kwa hatua, tangu ndizi kuivishwa hadi mtungi kubebwa. Wahakiki wengine wamesema kuwa hiyo ni ethnografia iliyovaa joho la riwaya. Huenda wana haki kiasi. Lakini ndani ya joho hilo kuna jambo linalochoma. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu za mume humtukana mke, wazazi wa mke humchukua binti yao na kumrudisha kwao, na kila mila iliyopo humpa mume njia iliyo rahisi: aoe mwingine. Anakataa. Anawaendea wakwe, anaketi mbele yao kama mtu mwenye deni, anaambiwa alete pombe, anahangaika kuitafuta na kuitengeneza bila mke nyumbani wa kumsaidia. Hatoi hotuba yoyote kuhusu mapenzi wala kuhusu haki za wanawake. Anachofanya ni kukataa tu kuachana na mtu anayemtaka, na jamii nzima inalazimika kumpangia njia ambayo haikuwa imezoea kuipita.

Kitereza mwenyewe na mkewe Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja, naye hakumwacha wala hakuoa mwingine. Kitabu hakilisemi hilo. Haliwezi kutosemwa na anayelijua.

Ni kwa sababu ya kitabu hicho binti wa Mfangano alianza kuichunguza upya hofu yake. Alikuwa ameidhania kuwa hofu ya kuchekwa. Ajabu ni kwamba kuchekwa, katika fasihi, ni dalili ya kusomwa. Mfano wa karibu unatoka katika kisiwa kile kile cha Ukerewe. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa huko mwaka wa 1944, alitoa *Rosa Mistika* mwaka wa 1971, na riwaya hiyo ikazuiwa kutumiwa shuleni. Mwaka wa 1974 akatoa *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, wakati ambapo kwa wengi shairi lisilo na vina lilikuwa kama nyumba isiyo na kuta. Wanamapokeo walimjia juu. Mjadala ule ulidumu kwa miaka na miaka, na mpaka leo wanafunzi hupata alama kwa kuuandikia insha. Kezilahabi alifariki mwaka wa 2020 akiwa tayari ni sura nzima katika historia ya ushairi wa Kiswahili. Alithubutu, hapana shaka. Hata hivyo alithubutu akiwa na chuo kikuu nyuma yake, wachapishaji mbele yake na maadui waliomsoma mstari kwa mstari.

Kitereza hakuwa na maadui. Hakuna aliyempinga kwa sababu hakuna aliyemwona. Kwa miaka thelathini na mitano jibu pekee alilopewa lilikuwa kimya, na kimya hakina hoja ambayo mtu anaweza kuijibu. Hiyo ndiyo hofu iliyokuwa ndani ya sanduku la bati. Binti alipoitazama vizuri aligundua kwamba angeweza kustahimili kicheko cha mhadhara mzima, ila hakuweza kuivumilia picha ya kurasa mia moja na arubaini zilizokamilika, zikafungwa vizuri, zikapelekwa mahali, na pasiwepo hata mmoja wa kuuliza zimefikia wapi. Kuificha kazi kulimpa faida moja: kazi isiyotolewa haiwezi kupuuzwa.

Lakini kuna swali gumu zaidi ambalo maisha ya Kitereza hulizusha, na ambalo wapenzi wa mashujaa hupenda kuliruka. Je, alipokubali kuitafsiri riwaya yake hakusalimu amri? Aliota kitabu cha Kikerewe. Alichokipata ni kitabu cha Kiswahili. Wapo watakaosema kwamba ndoto iliyobadilishwa lugha si ndoto ile ile. Hoja hiyo ina uzito. Lugha kubwa iliifungulia mlango lugha ndogo kwa sharti kwamba iache viatu nje. Hata hivyo, mtu anayeukosoa uamuzi ule na amfikirie mzee wa miaka sabini na ushei, mwenye vidole vinavyouma, akiandika upya kila ukurasa wa kazi aliyokwisha kuimaliza robo karne kabla. Angeweza kufa akiwa na heshima ya kutokubali. Badala yake alichagua Myombekere afike kwa wasomaji, hata kama angefika kwa mguu mmoja. Leo riwaya hiyo inasomwa kwa Kijerumani kupitia tafsiri ya Wilhelm Möhlig, na kwa Kiingereza kupitia tafsiri ya Gabriel Ruhumbika, naye pia mwana wa Ukerewe, iliyotoka mwaka wa 2002. Tafsiri zote mbili zimekuja baada ya mwenyewe kulala kaburini.

Likizo ya Agosti ilipofika, binti alirudi Mfangano akiwa na rununu yenye nafasi ya kurekodia saa nyingi. Hakumweleza nyanyake habari za tasnifu. Alimwomba tu ataje vitu: vyombo vya jikoni, samaki, upepo, sehemu za mtumbwi. Walikaa nje, omena wakiwa wameanikwa wavuni kando yao na kuku wakifukuzwa kila baada ya muda. Kazi ilikwenda vizuri hadi walipofika kwenye mkuku, ule ubao wa chini kabisa unaobeba chombo chote. Nyanya alilitaja jina lake upesi, bila kufikiri. Kisha akanyamaza.

"La," akasema. "Hilo ni la Wajaluo. Sisi tulikuwa na letu."

Akatazama ziwani. Binti hakusema neno. Rununu iliendelea kurekodi: mlio wa injini mbali, kuku, sufuria iliyoanza kutokota jikoni na kumwaga povu juu ya kuni. Nyanya hakuinuka kuishughulikia. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Baba alilitaja kila siku," akasema hatimaye. "Kila siku ya Mungu."

Rekodi hiyo ina urefu wa dakika kumi na moja, na nyingi kati ya hizo ni kimya. Binti aliisikiliza tena usiku huo, na usiku uliofuata. Miaka mitatu alikuwa akijiambia kwamba hofu yake haimdhuru mtu, kwamba mswada uliofichwa hauna gharama, kwamba mada ya ujasiri yaweza kungoja hadi apate ajira, hadi apate uzamifu, hadi apate jina. Kumbe muda wote huo hofu yake ilikuwa ikilipiwa na mtu mwingine, na malipo yalitolewa neno baada ya neno.

Mabadiliko yaliyofuata hayakuwa ya kishujaa. Alirudi chuoni, akakaa wiki mbili bila kufanya lolote. Aliandika pendekezo jipya la utafiti, akalifuta, akaliandika tena katika tarakilishi ya maktaba kwa sababu yake ilikuwa imeharibika. Siku aliyopanga kumwona msimamizi alifika mlangoni, akasikia sauti za watu ndani, akaondoka kwa furaha ya mtoto aliyeambiwa kuwa shule imefungwa. Siku ya pili alibisha. Mikono ilimtetemeka kiasi kwamba alipoziweka karatasi mezani zilitoa mlio.

Msimamizi alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Akavua miwani.

"Marejeleo?"

Binti akatoa kitabu kinene cha Kitereza, akakiweka juu ya meza. Kando yake akaiweka rununu. Halafu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika pale na hakuona njia ya kurudi nyuma bila kuonekana, akauchomoa mswada kutoka kwenye mfuko wa plastiki, kurasa zote mia moja na arubaini, kingo zikiwa zimekunjamana.

"Hiki nacho ni nini?"

"Ni changu, mwalimu."

Mwalimu aliupima uzito kwa mkono, kama anunuaye samaki. Hakusema kuwa ni mzuri wala kuwa ni mbaya. Alisema ana mitihani ya kusahihisha hadi mwisho wa mwezi, kwamba mada ile ingepingwa na baadhi ya wanakamati, na kwamba pendekezo halikuwa na sura ya mbinu za utafiti, kasoro ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hangeifanya. Kisha akaufungua mswada katikati, mahali popote tu, akaanza kusoma, na alipoinua uso akaonekana kushangaa kwamba binti bado yumo ofisini.

Jioni hiyo simu ililia bwenini. Ilikuwa namba ya jirani, mwenye duka la pale kisiwani, lakini sauti ilikuwa ya nyanya, akipaza kama afanyavyo daima, kwa imani kwamba simu ni upepo na maneno lazima yasukumwe.

"Lile jina la mtumbwi bado," akasema. "Ila nimeyapata mengine mawili ambayo hukuniuliza. Una kalamu, mama?"